Akaridhia kwa Furaha

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya bani, banda letu la kukaushia, nisianguke. Ilikuwa siku ya tatu ya moto, majani ya tumbaku mle ndani yameshaanza kugeuka manjano, na mimi nimesimama mdomoni mwa tanuri na gogo mkononi, machozi yananitiririka, nusu ya moshi na nusu ya kicheko. Mwenyekiti Masolwa alikuwa amejishika kiuno. Nassibu, katibu wetu wa tawi la Chama, yeye hakucheka. Aliegemea baiskeli yake, uso mkavu, kama mtu anayewasomea watu tangazo la serikali.

Alikuwa amesema hivi:

"Mnyamwezi, jina la binti yako nimelikata. Nimeweka la shemeji yangu, na barua imeondoka na treni ya Jumanne. Wako abaki akubebee kuni. Pagazi huzaa pagazi."

Nami sikukubali kushindwa. Nikamwambia, "Mzaramo, tangu lini ukajua kuandika jina la mtu? Hata hilo lako ulipewa na babu yangu, alipokuokota njiani unalia njaa."

Masolwa akapiga makofi. Nassibu akapanda baiskeli akaenda zake, sisi tukabaki tunafuta macho. Mke wangu Getruda alikuwa pale pale, kwenye kigoda, anafunga majani mabichi kwenye fito. Hakuinua uso. Mikono yake tu ndiyo iliyosimama.

Mtu asiyetoka kwetu atauliza nilichekea nini. Nilichekea utani. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, mara nne kwenda na kurudi. Safari ya tatu akaugua ndui karibu na Kisarawe. Wenye msafara wakamwacha kando ya njia, maana mgonjwa habebi. Wazaramo wakamwingiza nyumbani kwao, wakamlisha uji mwezi mzima, na kila siku wakimtukana: mara mvivu, mara mzigo uliotupwa na mwenyewe. Akapona kwa uji na matusi. Ndivyo tulivyo, sisi na wao. Mzaramo akija kwako anashika kuku anachinja, nawe unamtazama. Anakutukania wazazi, unacheka. Ukinuna, ni wewe unayetozwa faini. Ila siku ukifa, kabla ndugu zako hawajafika, yeye ndiye kashika jembe. Mtani huachiwa mdomo wote. Unachobaki nacho wewe ni imani kwamba mkono wake hautaufuata mdomo.

Na Nassibu mkono wake niliujua. Kijiji chetu walikiita Tujikaze. Si sisi tuliokiita. Kiko mwendo wa asubuhi moja kutoka Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Walituleta kwa malori kiangazi cha 1973, wakatuambia nyumba zipo. Nyumba zilikuwa vijiti vinne vilivyochomekwa ardhini na namba ya chokaa kwenye kibao. Mvua zikatukuta tunalala chini ya maturubai, Getruda akashikwa na kifua. Aliyekuwa na baiskeli ni Nassibu peke yake. Akamfunga mke wangu nyuma kwa kanga mbili, akamsukuma kwenye tope mpaka zahanati ya Kaliua, na njia nzima akimtukana kwamba wanawake wa Kinyamwezi ni wazito kuliko gunia la chumvi. Getruda alirudi baada ya wiki mbili, mwembamba, akinisimulia matusi yale na kucheka, na kila akicheka anakohoa.

Kwa hiyo sikumwamini Nassibu kwa sababu ya cheo. Wenye vyeo sijawahi kuwaamini. Nilimwamini kwa sababu ya baiskeli.

Binti mwenyewe ni Koleta. Tulizaa wanne, akaishi yeye. Mwisho wa mwaka ule wa kuhamishwa alimaliza kidato cha nne mjini Tabora, hakuchaguliwa kuendelea, akarudi kwetu na sanduku la bati na nia moja: awe muuguzi. Zile wiki mbili za zahanati yeye ndiye aliyekaa na mamake, amefika tu kutoka shule akapelekwa huko. Alimwona muuguzi mmoja akiwahudumia wagonjwa arobaini. Alikuwa akiniambia, "Baba, yule mama hakai chini."

Mwezi wa kwanza 1974 akaja afisa wa elimu kutoka wilayani. Akasimama juu ya gari, akasema nchi inajengwa na wanaojitolea. Kijana wa kidato cha nne akifundisha kisomo cha watu wazima miaka miwili bila mshahara, tena akawashika mkono watoto wa darasa la saba wanaojiandaa na mtihani, huyo atapelekwa chuo: ualimu, kilimo, uuguzi, achague mwenyewe. Kila tawi litatoa jina moja, na barua ya tawi ndiyo itakayomfungulia mlango. Majina yakifika wilayani yatakaa siku ishirini na moja. Mwenye pingamizi alete. Alisema vizuri. Hao hawajawahi kushindwa kusema.

Koleta akaanza wiki ile ile.

Darasa lilikuwa ghala la tumbaku, saa tisa alasiri. Wanaume hawakutaka kufundishwa na msichana, wakawa wanapita nje na majembe begani wakijifanya wana haraka. Nikaenda nikakaa mbele kabisa, ili wasiwe na la kusema. Lakini binti gani atamsahihisha babake mbele za watu? Koleta akapata njia. Akikuta nimekosea, anaandika kosa langu ubaoni na kusema, "Hapa kuna mtu mmoja kaandika hivi. Mtu huyo anajijua." Ghala zima linageuka kunitazama. Getruda alinipita mapema. Ikawa tukitoka shambani anatembea nyuma yangu akisoma kwa sauti maandishi ya gunia la mbolea nililobeba kichwani, neno kwa neno, kunichokoza.

Asubuhi Koleta alikuwa na wasichana wanane wa darasa la saba. Hakuwafundisha hesabu tu. Alikwenda kwa baba zao mmoja mmoja, anapiga magoti, anaomba mtoto asiozwe kabla ya mtihani. Wawili wakachaguliwa kwenda sekondari. Na mtihani wetu sisi wakubwa ulipokuja, mwezi wa nane 1975, mimi na Getruda tukafaulu pamoja. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Tulipewa vyeti, Koleta akavibandika ukutani kwa ugali.

Miaka miwili, mvua na jua. Viatu vyake vya shule vikaisha, akafundisha kwa ndala. Sikumsikia akilalamika. Alikuwa akihesabu miezi kwa sauti ya chini anapotwanga, nami nikidhani anaimba.

Batuli alishuka treni Kaliua mwezi wa kumi na mbili 1975. Alikuwa mdogo wa mke wa Nassibu, naye kamaliza kidato cha nne huko kwao. Nassibu akamleta nyumbani kwetu mwenyewe, akamkabidhi kwa Koleta, akasema, "Mwalimu, mshike mkono huyu, asije akanitia aibu." Koleta akamshika. Akamwonyesha namna ya kumwongoza mzee mkono wenye chaki bila kumfanya ajione mtoto. Akamwonyesha wa kumwita mama na wa kumwita bibi, nani asiketishwe karibu na nani. Batuli alikula kwetu mara nyingi. Alikuwa msichana mpole, mwoga wa ng'ombe. Yeye simlaumu.

Basi turudi banini, mwezi wa tatu 1976.

Siku ile jioni tunarudi nyumbani, Getruda mbele na fito kichwani, akasema bila kugeuka, "Baba Koleta, mtu anayetania hataji siku."

"Siku gani?"

"Amesema Jumanne. Amesema treni."

Nikamwambia aache. Nikamwambia utani hajui, kazaliwa Ziba huko kwenye ng'ombe, atajuaje mambo ya njia ya pwani. Akatua fito zake chini, jambo ambalo hakuwa akifanya mpaka afike. Akaniomba niende kwa Nassibu, kabla usiku haujaingia, nimuulize.

"Nimuulize mtani kama anatania? Nitalipa kuku, na kijiji kizima kitanicheka mpaka mavuno."

"Lipa kuku," akasema Getruda.

Sikulipa. Siku ishirini na moja zile nilikutana na Nassibu labda mara kumi. Kila mara ananiuliza kuni zinabebwaje, nami namrudishia. Nilikuwa natukana vizuri siku zile. Watu walikuwa wanasimama kutusikiliza. Siku moja nilimwambia mbele ya duka kwamba shemeji yake akienda chuo, wagonjwa wataomba wafe upesi. Duka zima likacheka. Batuli alikuwa amesimama nyuma ya mlango na chupa ya mafuta ya taa, akainamisha kichwa. Hata hapo sikuelewa. Nilidhani ana haya.

Mwezi wa nne Koleta alitembea mpaka Kaliua kutazama orodha iliyobandikwa ukutani kwa ofisi. Alirudi jua limeanza kushuka. Akapiga magoti kama ilivyo desturi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Ni Batuli," akasema. Akainuka, akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Kesho yake asubuhi niliingia ofisi ya tawi bila kupiga hodi. Nassibu alikuwa nyuma ya meza, Masolwa kwenye benchi. Nikawaambia yote niliyokuwa nayo: miaka miwili ya mtoto, wale wasichana wawili, ghala, ndala. Nikasema Batuli ana miezi mitatu. Masolwa akatazama nje ya dirisha. Nassibu akaniacha nimalize, akafungua jalada, akaligeuza upande wangu.

"Soma mwenyewe," akasema. "Si umehitimu?"

Nikasoma kwa kidole. Chuma kinapita moyoni polepole zaidi unapokisoma silabi kwa silabi. Iliandikwa kwamba Batuli amejitolea katika tawi letu miaka miwili. Chini yake, kwa mwandiko mzuri wa Nassibu: Ndugu Damas Ngollo, mzazi wa mwombaji mwingine, alielezwa uamuzi huu mbele ya Mwenyekiti. Hakuwa na pingamizi. Akaridhia kwa furaha.

Nilirudia mstari wa mwisho mara mbili nikidhani nimeukosea.

"Ulinitania," nikasema.

"Nilikuambia kwa mdomo wangu. Sikukuficha hata siku ya barua. Ukacheka." Akafunga jalada. "Ulitaka nifanyeje, Mnyamwezi?"

Nikamgeukia Masolwa. Mtu niliyechunga naye utotoni, tuliyepakiwa naye lori moja. Masolwa akakohoa, akasema Chama hakiwezi kuingilia mambo ya utani. Hayo, akasema, tutajuana wenyewe watani.

Nikaenda mpaka Tabora. Tabora wakanirudisha Kaliua, Kaliua wakanirudisha tawini. Kila ofisi niliyoingia walikuwa na jalada lile au nakala yake, na kila karani aliyelisoma alifika kwenye mstari ule akaniangalia kwa mshangao: mzee, si uliridhia? Mmoja, kijana mwenye suruali pana chini, aliniuliza kama siku ile nilikuwa nimelewa. Aliuliza kwa huruma, nadhani. Ningesema ndiyo labda ingesaidia.

Nyumbani sikumwambia Getruda kilichoandikwa. Nilisema tu wamekataa. Akanitazama, akajifunga kanga, akaenda ofisini mwenyewe. Sijui aliwaambia nini hata wakampa jalada. Wanasema alisoma kwa sauti, wima, mlangoni, kila aliyepita akamsikia. Aliporudi aliketi karibu na mafiga, akakohoa kidogo.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Sikucheka. Mbona hawakuniandika?"

Hakuuliza tena, si siku ile wala miaka mitatu iliyobaki. Alinipikia, alinifulia, tulilima pamoja. Lakini ile tabia ya kunisomea magunia njiani aliiacha.

Najua mtasema ningelipa kuku. Nimejisemea hivyo mwenyewe, msifikiri mnanifundisha. Lakini nani aliyeweka jina moja kwa kijiji kizima, na kalamu moja kwa mtu mmoja? Nani aliyesema mwenye pingamizi alete, na hakusema alete kwa nani? Walituhamisha, wakatuhesabu, wakatufundisha kusoma, na kitu cha kwanza cha maana nilichosoma duniani kwa macho yangu ni uongo wao juu yangu. Nassibu hakuwa wa kwanza. Wenye msafara wamekuwepo siku zote. Alichokifanya yeye, ambacho wenye msafara wa zamani hawakukifanya, ni kuutumia mkono uliotuuguza.

Koleta alirudi ghalani kesho yake baada ya orodha. Baadaye walipotafuta walimu wa kuziba mapengo wakamchukua, akapewa darasa la kwanza. Ualimu si kazi mbaya. Siyo aliyoitaka, basi. Hakunilaumu hata mara moja. Ningependa angenilaumu.

Getruda alikufa mwaka wa vita vya Uganda, kiangazi kinaanza. Ni kifua kile kile. Zahanati ya Kaliua ilikuwa na muuguzi mmoja, naye siku tatu alikuwa hayupo, ameitwa semina. Tulimrudisha kwa toroli la tumbaku.

Nassibu wakati huo alishapanda cheo, yuko wilayani. Lakini habari za msiba zinasafiri, na mtani haalikwi. Alifika na treni ya asubuhi, amevaa suti ya Kaunda ya rangi ya udongo, amenenepa. Watu wakamfurahia. Hata wale waliojua, walimfurahia. Msiba bila mtani ni mzito. Akapita moja kwa moja mpaka kaburini, ambako tulikuwa tumesimama na jeneza, katekista kashika kitabu. Akavua viatu, akaruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, mikono nyuma ya kichwa.

"Wanyamwezi," akasema kutoka chini, "nyumba hii nimeipenda. Huyo mama mtafutieni nyingine."

Watu wakacheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha. Hata mimi niliona. Desturi ni mfiwa acheke, atoe chochote, shilingi, kuku, hata jani la tumbaku, ndipo mtani atoke na maziko yaendelee. Wote wakanigeukia mimi.

Sikutia mkono mfukoni.

Akasema la pili, kwamba Getruda alimvunjia baiskeli kwa uzito na sasa amekuja kudai tairi. Wakacheka, wachache. Masolwa akanisogelea akaninong'oneza nitoe chochote, mzee mwenzangu, ni utani tu. Nilisikia pumzi yake sikioni. Nikaendelea kumtazama Nassibu mle ndani. Alikuwa mdogo, ukimtazama kutoka juu. Mchanga ulikuwa unamwangukia kwenye suti.

Akasema la tatu, la mapagazi. Hakuna aliyecheka. Mahali fulani nyuma mtoto aliuliza kitu, mamake akamnyamazisha. Katekista akafunga kitabu, kidole chake kikabaki katikati ya kurasa. Upepo ulipita kwenye majani makavu ya shamba la jirani, ukaisha, na bado tulikuwa tumesimama.

Nassibu akaketi. Akafuta paji la uso.

"Mzee Damas," akasema. Miaka yote ile hakuwa ameniita kwa jina langu. "Nipe mkono nitoke."

Mikono yangu nilikuwa nimeifumbata mgongoni. Wala sikuifumbata kwa ajili yake; nilikuwa nimesimama hivyo tangu asubuhi.

Ilimchukua muda. Kaburi tulilichimba refu, kama inavyotakiwa, na udongo wa kiangazi haushikiki. Alijaribu upande mmoja ukameguka, akajaribu mwingine. Alipotoka hatimaye kwa magoti, suti ilikuwa imechafuka mpaka kifuani, na hakuna aliyekuwa amemtazama usoni. Tukamshusha Getruda. Katekista akasoma. Kisha Nassibu akanyoosha mkono kuchukua jembe, maana kufukia ni haki ya mtani.

Koleta alikuwa ameshalichukua.